Maumivu sugu na matunzo ya nyumbani England: namna ya kuomba halmashauri igharamie

Ukimuuliza mtu mwenye maumivu sugu kama anaweza kuoga mwenyewe, mara nyingi atajibu ndiyo. Na kweli anaoga. Asichokisema ni kwamba anaoga mara mbili kwa wiki, tena ameketi kwenye sakafu ya bafu kwa sababu magoti hayamshiki, na akitoka hapo siku imekwisha: hapiki, hatoki, wala mtoto hamshughulikii. Ile "ndiyo" moja ikishaandikwa kwenye fomu ya halmashauri, msaada umeponyoka.

Mwongozo huu ni kwa wanaoishi England na maumivu yaliyozidi miezi 3, yawe ya fibromyalgia (maumivu ya mwili mzima yanayodumu), mgongo, baridi yabisi, neva, selimundu au yale ambayo hospitali imeshindwa kuyapa jina. Nimejikita England kwa sababu majirani wana sheria zao. Scotland hailipishi matunzo binafsi kama kuoshwa na kuvishwa, na tangu Aprili 2019 hilo linawahusu hata walio chini ya miaka 65. Wales wameweka kikomo cha malipo ya kila wiki. Ireland Kaskazini kazi hii hufanywa na wadhamini wa afya wa eneo, si halmashauri.

Sheria imeyataja maumivu kwa jina

Anza hapa, hata kama una haraka ya kupiga simu, maana kila utakachosema baadaye kitaegemea hapa.

Care Act ya 2014, sheria ya matunzo ya watu wazima England, ilianza kutumika Aprili 2015. Kifungu cha 9 kinaibana halmashauri: mtu mzima anayeonekana huenda anahitaji matunzo lazima afanyiwe tathmini, hata kama wao wanahisi haja yake ni ndogo, hata kama ana fedha benki. Kwa hiyo anayepokea simu na kukuuliza una akiba kiasi gani kabla hajaandika shida yako, ameanzia mwisho. Mrudishe mwanzo kwa upole.

Tathmini ikishafanyika, unapimwa kwa kanuni za mwaka 2015 zenye maswali matatu. La kwanza: je, mahitaji yako yanatokana na ugonjwa au udhaifu wa mwili au akili? Hapa mwongozo wa serikali unasema utambuzi rasmi wa ugonjwa usidaiwe, na hii ni nafuu kubwa kwa wale ambao bado wanazungushwa kutoka kliniki moja hadi nyingine. La pili: je, kwa sababu hiyo unashindwa kutimiza mambo mawili au zaidi kati ya kumi? La tatu: je, kushindwa huko kunaathiri kwa kiasi kikubwa ustawi wako?

Mambo kumi yenyewe ni haya: kupata chakula na lishe, usafi wa mwili, kwenda chooni, kuvaa nguo zinazofaa, kuitumia nyumba yako kwa usalama, kuiweka nyumba katika hali ya kukalika, kudumisha uhusiano na familia na marafiki, kufanya kazi, kusoma au kujitolea, kutumia huduma za mtaani pamoja na usafiri wa umma, na kumlea mtoto aliye chini yako.

Sasa utamu wa sheria hii uko kwenye maana ya "kushindwa". Kanuni zinamhesabu mtu kuwa ameshindwa katika hali nne. Hawezi bila kusaidiwa. Anaweza, lakini akifanya anapata maumivu makubwa, dhiki au wasiwasi mkubwa. Anaweza, lakini anahatarisha afya au usalama wake au wa wengine. Anaweza, lakini inamchukua muda mrefu mno kuliko kawaida.

Isome tena ile ya pili. Mwenye maumivu sugu hana haja ya kujidai kuwa hajiwezi kabisa. Anachotakiwa ni kueleza gharama: ukifanya jambo hili mwili unakudai nini, na unakudai kwa muda gani. Watu wanaokataliwa, kwa jinsi ninavyoona barua zao, wengi walieleza ugonjwa wao vizuri mno na hawakueleza gharama hata kidogo.

Kuna na kipengele cha hali inayobadilika. Kama siku nyingine uko afadhali na nyingine huinuki, halmashauri lazima iangalie kipindi cha kutosha ili ipate picha kamili. Haitakiwi kukupima kwa siku ile moja waliyokukuta.

Suala la visa, kabla hujapiga simu

Wengi hawaombi kwa sababu kwenye kibali chao kuna maneno "no recourse to public funds", yaani huruhusiwi kutumia fedha za umma. Matunzo ya halmashauri chini ya Care Act hayamo kwenye orodha ya fedha za umma kwa maana ya sheria za uhamiaji. Kuyaomba peke yake hakuvunji sharti hilo la visa. Yaliyomo kwenye orodha ni mafao kama PIP (fao la wenye ulemavu au ugonjwa wa muda mrefu), Attendance Allowance (la wazee wenye ulemavu), Carer's Allowance (la anayemtunza mtu) na Universal Credit (la wenye kipato kidogo). Hayo usiyaguse kabla ya kupata ushauri.

Sheria pia inazuia matunzo kwa aliye chini ya udhibiti wa uhamiaji ambaye haja yake inatokana na ufukara tu. Haja inayotokana na ugonjwa ni jambo jingine, na barua yako ioneshe wazi kwamba chanzo ni maumivu.

Kama huna kibali halali kwa sasa, au ombi lako la hifadhi lilikataliwa, simama kwanza. Halmashauri inaweza kutakiwa kupima kama kukunyima msaada kutavunja haki zako za kibinadamu, lakini pia ina wajibu wa kuitaarifu wizara inayoshughulikia uhamiaji kuhusu watu wa kundi hilo. Ongea na wakili au mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa ndipo uandike chochote.

Hatua ya 1: Daftari la wiki mbili

Chukua daftari lolote, au simu kama vidole vinauma ukishika kalamu, na uandike kila siku kwa wiki mbili. Usiandike namba za maumivu tu. "Leo 8 kati ya 10" haimwambii mtathmini kitu. Andika kazi, muda, kilichotokea wakati wa kufanya, na kilichotokea baada yake.

Linganisha. Mtu anaandika: "Napata shida kuvaa." Mwingine anaandika: "Siku nne kati ya saba siwezi kuinua mkono wa kulia kupita bega. Kuvaa blauzi kunachukua dakika 25, nusu yake nimeketi nasubiri maumivu yatulie. Sidiria nimeacha. Jumatano nilivaa mwenyewe niende kliniki, nikarudi kitandani mpaka kesho yake mchana." Yule wa pili ameshajibu hali mbili kati ya zile nne bila kutaja sheria.

Yaliyosahaulika mara nyingi ni yale uliyoacha kufanya. Mtu aliacha kupika kitu chochote kinachohitaji kukoroga, akazoea mkate na chai, na leo hahesabu tena kuwa ana tatizo la lishe. Mwingine hanywi maji baada ya saa kumi jioni ili asiamke kwenda chooni usiku. Mwingine aliacha kwenda ibadani mwaka mzima uliopita kwa sababu ya ngazi. Ukishaandika siku zako, pitia yale mambo kumi moja baada ya jingine na ujiulize: hili nimeliacha, nalifanya nusu, au kuna mtu ananifanyia?

Andika pia kuanguka, kuungua jikoni, kuacha jiko likiwaka kwa sababu ya usingizi wa dawa. Hizo ni habari za usalama, na zina uzito.

Kando ya daftari, kusanya karatasi. Kumbukumbu zako za GP, yaani daktari wako wa mtaani, una haki ya kuzipata bila malipo, ilhali barua maalumu ya GP inaweza kulipiwa, kwa hiyo usikimbilie barua. Barua za kliniki ya maumivu, orodha ya dawa na madhara yake, na ripoti ya fiziotherapia zinatosha mara nyingi. Jiandae na swali la "mbona dawa zako ni chache?" Miongozo ya Aprili 2021 ya NICE, taasisi inayowaongoza madaktari kuhusu tiba, inawaambia wasianzishe dawa za jamii ya afyuni, gabapentin (dawa ya maumivu ya neva) wala hata paracetamol kwa maumivu sugu ya msingi, yaani yasiyoelezwa na ugonjwa mwingine, kundi ambalo fibromyalgia imo. Orodha fupi ya dawa inaweza kuonesha tu kwamba daktari wako anafuata mwongozo.

Hatua ya 2: Omba tathmini, kwa maandishi

Ombi linakwenda idara ya huduma za jamii kwa watu wazima ya halmashauri unayoishi. Wao huiita needs assessment, na ukitumia maneno hayo hakuna atakayekupeleka dirisha lisilo lako. Unaweza kupiga simu au kujaza fomu kwenye tovuti, lakini fuatisha barua pepe ili tarehe ibaki. Taja kifungu cha 9 cha Care Act 2014, ugonjwa wako kwa sentensi moja, mambo matatu au manne kati ya kumi unayoshindwa, na chochote cha hatari kilichotokea karibuni.

Kwenye barua hiyohiyo omba mambo mengine matatu. Tathmini ifanyike ana kwa ana nyumbani. Ya simu inaruhusiwa, lakini kwenye simu hakuna anayeona unavyoinuka kwenye kiti. Omba mkalimani kama Kiingereza chako cha hospitali hakitoshi, na usimweke mtoto wako kwenye kiti hicho, maana kuna maswali ya chooni na ya kitandani ambayo hutajibu mbele yake. Na kama huna ndugu wala rafiki wa kukusemea na utapata ugumu mkubwa kufuatilia mazungumzo, omba mtetezi wa kujitegemea. Kifungu cha 67 kinaitaka halmashauri imtoe.

Sheria haikuweka idadi ya siku za kusubiri. Inasema muda uwe wa kuridhisha, na halmashauri nyingi zina foleni ndefu. Hali ikiwa mbaya sana, kwa mfano aliyekuwa akikuhudumia amelazwa, sema hivyo waziwazi na utaje kifungu cha 19, kinachowaruhusu kutoa msaada wa dharura kabla ya tathmini.

Wakati unasubiri, uliza kuhusu vifaa. Mtaalamu wa tiba kazi anaweza kuja kuangalia bafu, ngazi na kitanda, na vifaa au marekebisho madogo yanayogharimu pauni 1,000 au chini yake hutolewa bure kwa anayestahili. Kiti cha kuogea na vyuma vya kushikilia havihitaji wewe kuwa fukara. Kazi kubwa zaidi, kama kubadilisha bafu zima, zina ruzuku yake iitwayo Disabled Facilities Grant, isiyozidi pauni 30,000 England, ambayo kwa mtu mzima hupimwa kwa kipato.

Hatua ya 3: Siku ya tathmini

Hapa ndipo malezi yetu mazuri yanapotuangusha.

Mtathmini akija, kwetu ni mgeni. Nyumba inapigwa deki tangu jana, mtu anavaa nguo ya kutokea, chai imetengwa, na mgonjwa anajikaza kumpokea mlangoni. Akiulizwa habari, anajibu nzuri, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa: nzuri kwanza, msiba baadaye. Ofisa wa Kiingereza hajui kwamba baada ya "nzuri" kuna "ila". Anaandika nzuri. Anaandika pia kwamba nyumba ni safi, mteja amevaa vizuri, ametengeneza chai na kuibeba mwenyewe kwenye trei.

Basi usisafishe. Iache nyumba ilivyo. Kama kuna mtu amekuja kukusafishia, sema ni nani na huja mara ngapi. Kama kawaida unashinda na kanga na fulana kwa sababu vifungo vinakushinda, mpokee na kanga na fulana. Chai atainywa kazini kwake.

Chagua saa. Ikiwa asubuhi ndiyo mbaya, mwombe aje asubuhi. Na usimeze dawa ya ziada ili uweze kukaa naye. Au kama umemeza, mwambie umemeza ili uweze kukaa naye, na kwamba kesho utailipia.

Katika kujibu, kila swali linaloanza na "unaweza" lijibu kwa sehemu nne: mara ngapi, kwa muda gani, kwa maumivu kiasi gani, na baadaye nini. "Unaweza kupika?" "Nikiwa na siku nzuri, ambazo ni mbili kwa wiki, napika kitu cha dakika kumi nikiwa nimeketi. Sufuria yenye maji siwezi kuinua, iliniangukia. Nikipika mchana, jioni siwezi kuoga." Usiongeze chumvi. Ukisema huwezi kabisa kisha akakuona unainama kuokota simu, hata ukweli wako uliobaki utatiliwa shaka. Eleza siku mbaya na siku nzuri na idadi ya kila moja. Kile kipengele cha hali inayobadilika kitafanya kazi yake.

Kuhusu wanaokusaidia, sheria inataka mahitaji yako yaandikwe yote kana kwamba hakuna anayekusaidia. Baada ya hapo ndipo wanaangalia ni yapi mke, mume au dada yuko tayari na ana uwezo wa kuendelea nayo. Kwa hiyo usijibu "hapo hakuna shida, binti yangu hufanya". Hapo kuna shida, na ni binti anayeibeba. Yeye naye ana haki ya tathmini yake mwenyewe chini ya kifungu cha 10, hata kama wewe umekataa yako, na akiwa chini ya miaka 18 kuna sheria nyingine inayomlinda kama mtunzaji mdogo. Aulizwe kwa faragha, usiwepo. Mbele yako atasema yuko sawa.

Jambo la watoto huwatia watu hofu, wakidhani kukiri kwamba humwezi mtoto kutaleta balaa. Kumlea mtoto ni mojawapo ya yale mambo kumi, limeandikwa kwenye kanuni zenyewe. Sema unachoshindwa, kwa mfano kumwinua kutoka bafuni au kumpeleka shule siku za maumivu makali.

Kabla hajaondoka muulize nini kinafuata na lini, na uombe nakala ya alichoandika. Nakala hiyo ni haki yako.

Hatua ya 4: Uamuzi, mpango na saa zako

Uamuzi wa kama unastahili lazima uje kwa maandishi, pamoja na sababu. Ukistahili, kinaandaliwa mpango wa matunzo unaosema ni mahitaji gani yatashughulikiwa na vipi, na ndani yake kuna bajeti binafsi, yaani kiasi cha fedha kinachotakiwa kukidhi mahitaji hayo. Usisaini kabla ya kuusoma ukiwa na daftari lako mkononi.

Angalia mambo mawili hasa. Kwanza, saa zimepangwa kwa siku zako mbaya au kwa wastani? Mwenye maumivu yanayochachamaa anahitaji mpango unaonyumbulika, mfano saa zinazoweza kuhamishwa kutoka wiki ya afueni kwenda wiki ya kitanda. Omba hilo liandikwe. Pili, urefu wa ziara. Mwongozo wa serikali unasema ziara za dakika 15 au chini yake hazifai kwa mtu anayehitaji msaada wa mwilini kama kuoshwa. Mtu mwenye maumivu haoshwi haraka. Kila kiungo kinasubiriwa.

Wanaweza kuanza na huduma ya muda ya kukurudishia uwezo, ambayo haitozwi hadi wiki 6. Ni nzuri kwa aliyevunjika mguu. Kwa maumivu ya miaka ipokee, lakini usikubali iwe kisingizio cha kuahirisha tathmini kamili.

Hatua ya 5: Hesabu ya fedha

Matunzo haya si bure kama NHS, huduma ya afya ya taifa. Kuna tathmini ya pili, ya mali na kipato, na huwa ni fomu inayochosha kuliko ile ya kwanza.

Ukiwa na akiba na mali ya zaidi ya pauni 23,250 unalipa gharama zote mwenyewe, ingawa bado una haki ya kutathminiwa na unaweza kuiomba halmashauri ikupangie huduma. Chini ya pauni 14,250 akiba yako haiguswi. Katikati ya hapo, kila pauni 250 au sehemu yake huhesabiwa kuwa pauni 1 ya kipato kwa wiki. Aliye na pauni 16,250 ataongezewa pauni 8 kwa wiki kwenye hesabu. Mpango wa kuweka kikomo cha maisha cha pauni 86,000, ambao ulitangazwa sana, ulifutwa Julai 2024, usiutegemee.

Nyumba unayoishi haihesabiwi kwa matunzo ya nyumbani. Mshahara wako hauhesabiwi kabisa. Fedha za mwenzi wako ni zake, isipokuwa akaunti ya pamoja, ambayo kwa kawaida hugawanywa nusu kwa nusu. Sehemu ya PIP ya kutembea haiguswi, ila ile ya maisha ya kila siku inaweza kuhesabiwa.

Sasa mambo yanayotuhusu zaidi sisi wenye miguu pande mbili. Kiwanja au nyumba uliyojenga nyumbani ni mali, na mali iliyo nje ya nchi inaingia kwenye hesabu. Itaje, pamoja na ugumu wa kuiuza kama upo, maana thamani hupimwa tofauti pale fedha isipoweza kuhamishwa. Kuiandikisha kwa jina la kaka wiki moja kabla ya kujaza fomu si ujanja: halmashauri ikiamini umetoa mali ili ukwepe kulipa, itakuhesabu kana kwamba bado unayo. Na zile pauni unazowatumia wazee kila mwezi hazimo kwenye matumizi yanayokatwa.

Yanayokatwa ni matumizi yanayotokana na ulemavu, na hapo ndipo watu wengi huacha fedha mezani. Joto la nyumba linalozidi kawaida, kufua mara nyingi, teksi kwa sababu basi huliwezi, chakula maalumu, anayekuja kusafisha, kengele ya dharura, matengenezo ya kiti cha magurudumu. Weka risiti za miezi michache. Wengine watakuwekea kiwango kimoja kwa wote, lakini unaweza kudai chako kihesabiwe kama kimezidi. Baada ya makato yote, malipo yasikushushe chini ya kiwango cha chini cha kipato ambacho serikali hukitangaza kila mwaka.

PIP na NHS, kwa kifupi

Kama hali yako ya uhamiaji inaruhusu, omba PIP sambamba na tathmini, usisubiri moja iishe. PIP ni ya kuanzia miaka 16 hadi umri wa pensheni ya serikali. Zaidi ya hapo ni Attendance Allowance. Haiangalii akiba. Inataka uwe na shida kwa miezi 3 na itarajiwe kuendelea kwa miezi 9 zaidi, na hutoa pointi: 8 kwa kiwango cha kawaida, 12 kwa cha juu. Majibu yako yafuate njia ileile ya gharama, kwa sababu nayo inauliza kama jambo unalifanya kwa usalama, kwa ubora unaokubalika, tena na tena, na kwa muda wa kuridhisha. Ukinyimwa, una mwezi mmoja kuomba uamuzi uangaliwe upya, kisha kuna baraza la rufaa.

NHS nayo ina mpango wake wa matunzo, Continuing Healthcare, usiotoza hata senti na usiopima kipato. Ni wa watu ambao haja yao kuu ni ya kiafya na iko juu sana. Maumivu peke yake hayafikishi mtu huko mara nyingi, ijapokuwa udhibiti wa dalili kwa dawa ni mojawapo ya maeneo 12 wanayopima. Ukiwa na magonjwa mengine mazito pamoja na maumivu, omba wakupitishe kwenye orodha ya awali ya maswali.

Hatua ya 6: Wakala au fedha mkononi

Halmashauri inaweza kukuletea wahudumu wa wakala, au kukupa fedha uajiri mwenyewe, njia iitwayo direct payment. Kwa mwenye maumivu sugu mimi huipendelea ya pili, kama nguvu za kusimamia zipo. Mhudumu mmoja anayejua kwamba bega la kushoto haliguswi ni afadhali kuliko watano wanaofundishwa upya kila juma. Unaweza pia kumpata anayeongea Kiswahili, na hilo si anasa unapokuwa uchi mbele ya mtu.

Huruhusiwi kwa kawaida kumlipa mume, mke au ndugu wa karibu mnayeishi nyumba moja, isipokuwa halmashauri ikubali kwamba ni lazima. Dada anayeishi mtaa wa pili anaruhusiwa. Lakini ukimwajiri umekuwa mwajiri kweli: mkataba wa maandishi, mshahara usiopungua kima cha chini, likizo ya kulipwa, kodi, bima ya mwajiri, na kukagua kama ana ruhusa ya kufanya kazi nchini. Bajeti yako ilipie vitu hivi pia, pamoja na huduma ya kuandaa mishahara. Ikikuwia nzito, omba fedha zishikwe na shirika kwa niaba yako huku wewe ukichagua mtu.

Hatua ya 7: Wakikataa, au wakitoa kidogo

Soma sababu. Mara nyingi utakuta "anaweza kujihudumia" na hakuna neno kuhusu maumivu, muda wala hatari. Andika malalamiko kwa halmashauri, chukua kila jambo walilosema unaliweza, na chini yake weka tarehe kutoka kwenye daftari lako na useme ni hali ipi kati ya zile nne inayohusika. Omba tathmini ipitiwe upya kwa kuzingatia kanuni za 2015. Kurasa mbili zinatosha. Hasira iache nje ya barua, hata kama ni haki yako.

Jibu lao la mwisho likikuangusha, nenda kwa Local Government and Social Care Ombudsman, msuluhishi huru wa malalamiko dhidi ya halmashauri. Ni bure, na kwa kawaida uwe ndani ya miezi 12 tangu ulipojua tatizo. Kwa mambo ya haraka, mfano msaada umekatwa ghafla, tafuta wakili wa huduma za jamii mapema, kwa kuwa mahakama ikihusika hesabu ni ya miezi 3 na hata hiyo wanataka usichelewe. Mashirika ya ushauri kama Citizens Advice na Disability Rights UK yanasaidia kuelewa karatasi.

Baada ya kuanza kupata huduma

Mpango hupitiwa angalau kila mwaka, na wewe unaweza kuomba mapitio wakati wowote hali ikibadilika. Endelea na daftari, hata kwa wiki moja kila baada ya miezi miwili, kwa sababu kwenye mapitio watakuuliza kama saa bado zinahitajika, na mtu anayesaidiwa vizuri huonekana amepona. Onesha nini kilitokea siku mhudumu alipokosa kuja.

Ukitaka kuhama, waambie halmashauri mpya kabla ya kufunga mizigo. Wanatakiwa kukutathmini, na kama hawajamaliza hadi siku unayohamia, lazima waendeleze msaada uliokuwa ukipata kule ulikotoka mpaka watakapofanya tathmini yao.